Ruhusa za Faili: Maana, Istilahi na Matumizi katika Mstari wa Amri

Ruhusa ya faili ni kanuni inayohifadhiwa na mfumo wa kompyuta pamoja na faili lenyewe. Kanuni hiyo hueleza nani anaweza kulisoma faili, nani anaweza kuliandika na nani anaweza kuliendesha iwapo ni programu. Jumla ya kanuni hizo huitwa modi ya faili. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, modi husomwa kwa amri ya ls na kubadilishwa kwa amri ya chmod, ambayo jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "badili modi".

Mada hii hufundishwa aghalabu kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana nayo akiwa sekondari au chuoni, wakati lugha ya kufundishia imekwisha kubadilika. Mtafsiri naye hulazimika kuchagua kati ya maneno kadhaa ya Kiswahili yanayokaribiana kwa maana. Uteuzi mbaya wa neno hapa una madhara, kwa kuwa msomaji anayeelewa vibaya neno "wengine" au neno "kuandika" anaweza kufungua siri za watu au kupoteza kazi ya muhula mzima. Makala haya yanafafanua dhana yenyewe kwanza, kisha yanapendekeza istilahi.

Ruhusa, idhini, kibali na haki

Maneno haya manne yote hutokea katika tafsiri za mada hii, na yote yana asili ya Kiarabu, lakini hayabadilishani nafasi kiholela.

Kibali ni ruhusa iliyotolewa na mamlaka, mara nyingi kwa maandishi: kibali cha ujenzi, kibali cha kazi, kibali cha kusafirisha mifugo. Kibali huombwa, huandikwa, hubebwa na kuonyeshwa. Idhini ni ridhaa ya mwenye mamlaka juu ya tendo fulani: mkuu wa shule hutoa idhini ya matumizi ya fedha. Haki ni stahili ya mtu, ambayo haihitaji kuombwa na haipaswi kuondolewa kwa utashi wa mtu mwingine. Ruhusa ndilo neno pana zaidi: ni hali ya kutozuiwa kufanya jambo. Mwanafunzi hupewa ruhusa na mwalimu wa zamu ya kwenda zahanati, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa jioni ileile.

Kile kinachohifadhiwa pamoja na faili kinafanana na ruhusa kuliko vingine. Mtumiaji habebi hati yoyote ya kuonyesha, hivyo si kibali. Hakuna mtu anayeombwa kuridhia kila faili linapofunguliwa, hivyo si idhini. Aidha, mmiliki anaweza kuitoa na kuiondoa wakati wowote, hivyo kuiita haki kunapotosha. Istilahi inayopendekezwa ni ruhusa, katika ngeli ya I-ZI: ruhusa hii, ruhusa hizi. Neno kibali libaki kwa mazingira ambamo kweli kuna hati, na neno haki libaki kwa sheria.

Tanbihi moja inahitajika. Watumiaji wa simu janja wamezoea neno ruhusa kwa maana ya programu kuomba kutumia kamera au orodha ya majina. Hiyo ni dhana jirani, si dhana hii. Hata hivyo, simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na ndani yake kila programu kwa kawaida hupewa namba yake ya mtumiaji, ili mafaili ya programu moja yasisomwe na nyingine. Kwa hiyo ruhusa za faili zinazoelezwa hapa zimo mfukoni mwa watu wengi ambao hawajawahi kuandika amri hata moja.

Mfano wa kufuatwa

Ichukuliwe kwamba shule moja ya sekondari katika kata ya Endamarariek, wilayani Karatu, mkoani Arusha, ina chumba cha kompyuta chenye mashine moja kuu ya Linux inayotumiwa na walimu na wanafunzi. Mfano ni wa kubuni, lakini mpangilio wake unaweza kukutwa popote watu wengi wanapotumia mashine moja. Mwalimu wa taaluma anatumia akaunti iitwayo taaluma. Walimu wote wamo katika kundi la walimu, na wanafunzi wote wamo katika kundi la wanafunzi. Mwalimu wa taaluma ametunza alama za mtihani katika faili la alama.txt, ndani ya saraka ya matokeo.

Amri ya ls -l ikiandikwa ndani ya saraka hiyo, mstari wa jibu huanza hivi:

-rw-r----- 1 taaluma walimu

Alama kumi za mwanzo ndizo zinazobeba habari. Ya kwanza hutaja aina: kistari kwa faili la kawaida, d kwa saraka, l kwa kiungo. Tisa zinazofuata husomwa tatu tatu. Fungu la kwanza, rw-, ni la mmiliki. Fungu la pili, r--, ni la kundi. Fungu la tatu, ---, ni la wengine. Kistari ndani ya fungu humaanisha kwamba ruhusa ya nafasi hiyo haipo. Kwa hiyo faili hili linaweza kusomwa na kuandikwa na mwalimu wa taaluma, linaweza kusomwa tu na walimu wenzake, na wanafunzi hawana ruhusa yoyote juu yake.

Mmiliki, kundi na wengine

Katika toleo la kwanza la Unix, mwaka 1971, amri ya chmod tayari ilikuwepo, lakini iliwatambua watu wa aina mbili tu: mmiliki na asiye mmiliki. Kundi liliongezwa baadaye, na tangu hapo mgawanyo wa watatu umedumu.

Neno linalohitaji uangalifu mkubwa ni wengine. Katika mazungumzo ya kawaida, "wengine wanaweza kusoma" linaweza kueleweka kuwa watu wote wanaweza kusoma. Katika mada hii wengine ni wale tu ambao si mmiliki na hawamo katika kundi la faili. Mfumo huuliza maswali kwa mpangilio. Je, huyu ni mmiliki? Kama ndiye, fungu la kwanza pekee hutumika, na mengine hayatazamwi. Kama siye, je, yumo katika kundi? Kama yumo, fungu la pili pekee hutumika. Asipokuwamo, ndipo fungu la tatu linapotumika.

Matokeo yake huwashangaza wanaoanza. Faili lenye modi ----r--r-- linaweza kusomwa na kila mtu isipokuwa mmiliki wake. Ruhusa za mafungu hazijumlishwi. Mtu huangukia fungu moja na kubaki humo. Mmiliki hata hivyo hapotezi uwezo wa kubadili modi, kwa hiyo anaweza kujirudishia ruhusa.

Nje ya mpangilio huu yupo msimamizi mkuu wa mfumo, ambaye akaunti yake huitwa root. Yeye husoma na kuandika pasipo kuzuiwa na modi. Ruhusa za faili hazimfichi mtu yeyote kwa msimamizi, na mwalimu anayefundisha mada hii afanye vyema kulisema hilo mapema.

Kusoma, kuandika na kuendesha

Herufi r, w na x husimama kwa vitendo vitatu. Viwili vya kwanza havina utata: kila mwalimu wa shule ya msingi nchini Tanzania anazifahamu stadi za KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kusoma faili ni kuona yaliyomo. Anayeweza kusoma anaweza pia kunakili. Kuandika ni kubadili yaliyomo, kuongeza, au kuyafuta yote na kuacha faili tupu. Kuandika hakumaanishi kulifuta faili lenyewe, kama itakavyoelezwa katika sehemu inayofuata.

Kitendo cha tatu kimetafsiriwa kwa namna mbalimbali: kutekeleza, kuendesha, kufanyiza. Kitenzi kutekeleza hufuatwa na jambo lililoagizwa au kuahidiwa: mtu hutekeleza amri, ahadi, mpango. Programu, sawa na gari au mashine, huendeshwa. Kwa hiyo "amri imetekelezwa" na "programu inaendeshwa" ni semi sahihi, ilhali "tekeleza faili" huacha msomaji akiwaza faili limeahidi nini. Mtafsiri asiye makini, anayefuata kamusi pasipo kutazama muktadha, anaweza hata kuangukia maana ya kutekeleza adhabu ya kifo. Istilahi inayopendekezwa kwa x juu ya faili ni ruhusa ya kuendesha.

Ruhusa za saraka

Saraka ni orodha ya majina ya mafaili. Katika mazingira ya madirisha na picha huitwa pia folda au kabrasha, lakini saraka hufaa zaidi hapa kwa sababu neno hilo hubeba wazo la orodha, na wazo hilo ndilo ufunguo wa yanayofuata.

Kusoma saraka ni kuona majina yaliyomo. Kuandika saraka ni kuongeza, kuondoa au kubadili majina hayo. Kwa x, neno kuendesha halifai kabisa, maana saraka haiendeshwi. Maana yake hapa ni kupita: kuvuka saraka ili kufikia kilichomo ndani.

Wakazi wa Karatu wana mfano wa karibu. Anayesafiri kwa gari kutoka Karatu kwenda Serengeti kwa barabara ya Ngorongoro hana budi kupita geti la Loduare, hata kama hana nia ya kushuka kreta. Kuruhusiwa kupita geti hakumpi orodha ya kila kilichomo hifadhini, na kuwa na nafasi iliyolipiwa katika hoteli ya Serengeti hakumsaidii asiporuhusiwa getini. Saraka ni hivyohivyo. Mtu mwenye ruhusa ya kusoma alama.txt hatalifikia asipokuwa na ruhusa ya kupita katika saraka ya matokeo na katika kila saraka iliyo juu yake. Wanaojaribu kurekebisha hitilafu za ruhusa hutazama faili peke yake kwa muda mrefu, ilhali kizuizi kipo getini.

Ipo hatari nyingine inayotokana na maana ya kuandika saraka. Kufuta faili ni kuondoa jina lake katika orodha. Kwa hiyo kufuta hutegemea ruhusa ya kuandika na kupita katika saraka, wala hakutegemei ruhusa za faili lenyewe. Iwapo saraka ya matokeo imefunguliwa kwa kila mtu kuandika, mwanafunzi yeyote anaweza kulifuta faili la alama.txt, na kisha kuweka faili jingine lenye jina hilohilo na alama anazozipenda. Modi ya -rw-r----- juu ya faili haitamzuia. Mwalimu atakayelifungua kesho yake ataliona jina alilolizoea mahali palepale.

Kuandika modi kwa herufi

Amri ya chmod hupokea modi kwa njia mbili. Njia ya herufi ina sehemu tatu: nani, alama, na ruhusa.

Nani hutajwa kwa u, g, o au a: mmiliki, kundi, wengine, na wote. Alama ni + ya kuongeza, - ya kuondoa, au = ya kuweka kama ilivyotajwa na kufuta nyingine za fungu hilo. Mifano:

chmod g+r alama.txt humpa kila aliye katika kundi ruhusa ya kusoma.
chmod o-w alama.txt huwaondolea wengine ruhusa ya kuandika.
chmod u=rw,g=r,o= alama.txt huweka modi yote kwa pamoja. Wengine hawabakiwi na chochote.

Herufi hizi ni sehemu ya amri na hazitafsiriwi. Kishawishi cha kuzifanya za Kiswahili hukwama mara moja, kwa kuwa wengine na wote huanza kwa herufi moja. Kinachotafsiriwa ni maelezo yake. Mwalimu atilie mkazo o, kwa sababu wanafunzi wanaojua Kiingereza kidogo huidhani kuwa ni ya mmiliki, na kosa hilo hufungua faili kwa walewale waliokusudiwa kuzuiwa.

Asipotajwa mtu yeyote, kama katika chmod +w alama.txt, wengi hutarajia kwamba wote watapewa. Sivyo ilivyo. Katika hali hiyo amri hutii chujio la umask, linaloelezwa hapa chini, na kwa chujio la kawaida ni mmiliki peke yake anayeongezewa ruhusa ya kuandika. Anayekusudia wote aandike a waziwazi.

Ipo pia X kubwa. Hutoa x kwa saraka, na kwa faili ambalo tayari lina x kwa mtu yeyote, lakini hairuhusu faili la kawaida la maandishi ligeuke kuwa la kuendeshwa. Hufaa pale modi inapobadilishwa kwa mti mzima wa saraka:

chmod -R u=rwX,g=rX,o= matokeo

Kuandika modi kwa tarakimu

Njia ya pili inahitaji K ya tatu, kuhesabu. Kusoma hupewa 4, kuandika 2, kuendesha au kupita 1. Thamani za kila fungu hujumlishwa, na kila fungu huwa tarakimu moja kati ya 0 na 7. Hii ni hesabu ya kizio cha nane. Kwa sababu thamani hizo tatu hujengana maradufu, kila jumla ina maana moja tu: 6 ni kusoma na kuandika, 5 ni kusoma na kupita, wala haiwezekani kuzichanganya.

Faili la alama.txt lina 6 kwa mmiliki, 4 kwa kundi, 0 kwa wengine. Modi yake basi ni 640. Nyingine zinazokutwa mara kwa mara ni hizi:

600: mmiliki husoma na kuandika, wengine wote hawana kitu.
644: mmiliki husoma na kuandika, kundi na wengine husoma.
700: kwa saraka ya binafsi.
750: kwa saraka ambayo kundi linaweza kuona na kupita bila kubadili.
755: kwa programu na saraka za kutumiwa na wote.
777: kila mtu afanye lolote.

Katika Kiswahili namba hizi zisomwe tarakimu moja moja: "sita nne sifuri", si "mia sita na arobaini". Kusema mia sita na arobaini humfanya msikilizaji afikiri kuna kiasi, na humnyima nafasi ya kusikia mafungu matatu.

Umask kama chujio

Faili jipya hupata modi yake wapi? Programu nyingi huomba 666 kwa faili na 777 kwa saraka, kisha mfumo huzuia baadhi kwa thamani iitwayo umask. Thamani ya 022 ni ya kawaida: huzuia kundi na wengine wasiandike, na matokeo ni 644 kwa faili na 755 kwa saraka. Thamani ya 027 hutoa 640 na 750.

Vitabu vingi huieleza umask kuwa ni kutoa. Maelezo hayo huleta jibu sahihi kwa mifano hiyo miwili na jibu baya kwa mingine. Kwa umask ya 033, kutoa kungeleta 633. Jibu la kweli ni 644, kwa sababu ruhusa ya 1 haikuombwa tangu mwanzo na haiwezi kuondolewa mara ya pili. Neno chujio huieleza vyema zaidi. Chujio la chai huzuia majani. Pasipokuwa na majani, halina cha kuzuia, na chai hupita kama ilivyo.

Biti tatu maalumu

Mbele ya tarakimu tatu inaweza kuwekwa ya nne. Thamani 4 juu ya programu huifanya iendeshwe kwa mamlaka ya mmiliki wa programu badala ya mamlaka ya aliyeianzisha. Dennis Ritchie, mmoja wa waundaji wa Unix, alipewa hataza ya Marekani kwa wazo hilo mwaka 1979. Ndilo linalomwezesha mtumiaji wa kawaida kubadili nywila yake, ingawa faili la nywila ni la msimamizi mkuu. Biti hii haifai kutolewa ovyo.

Thamani 2 juu ya saraka hufanya kila faili jipya ndani yake lirithi kundi la saraka. Saraka ya walimu yenye modi 2770 huhakikisha kwamba faili la mwalimu yeyote linabaki la kundi la walimu. Kurithi kundi hakutoshi ikiwa walimu wanahaririana kazi. Umask yao nayo iwe 007, la sivyo kundi litasoma tu. Katika chmod ya GNU, kuandika chmod 750 juu ya saraka kama hiyo hakuiondoi biti hii. Huondolewa kwa g-s.

Thamani 1 juu ya saraka huzuia mtu kufuta faili la mwenzake: anayeweza kuliondoa jina ni mmiliki wa faili, mmiliki wa saraka, au msimamizi mkuu. Saraka ya /tmp, inayoandikwa na wote, hulindwa hivyo kwa modi 1777. Istilahi inayopendekezwa ni biti ya kuzuia kufuta, kwa kuwa jina la Kiingereza, linalozungumzia kunata, lilitokana na matumizi ya zamani yasiyohusu kazi hii.

Biti hii inatatua shida ya shule ya Endamarariek. Wanafunzi wanahitaji mahali pa kukusanyia kazi zao. Suluhisho la haraka, ambalo wengi hulikimbilia, ni kufungua saraka ya matokeo kwa 777. Njia iliyo salama ni kutengeneza saraka nyingine iitwayo kazi, mmiliki wake akiwa taaluma na kundi lake likiwa wanafunzi, kisha:

chmod 1730 kazi

Mmiliki ana 7. Kundi lina 3, yaani kuandika na kupita bila kusoma: mwanafunzi anaweza kuweka faili lake, lakini hawezi kuona orodha ya majina ya mafaili ya wenzake. Biti ya kuzuia kufuta inamnyima uwezo wa kufuta kazi ya mwingine hata akilibahatisha jina lake. Katika ls -l saraka hii huonekana kama drwx-wx--T. Inafanya kazi kama sanduku la maoni lililotundikwa ukutani ofisini: kila mmoja hutumbukiza, mwenye ufunguo ndiye afunguaye. Upungufu wake ni kwamba anayelijua jina kamili la faili la mwenzake bado anaweza kulisoma, iwapo modi ya faili hilo inaruhusu.

Kutafsiri ujumbe wa kukataliwa

Mfumo unapomzuia mtu, hutoa ujumbe mfupi wa maneno mawili ya Kiingereza. Tafsiri ya neno kwa neno ni "Ruhusa imekataliwa". Sentensi hiyo ina kasoro, kwa kuwa katika Kiswahili kitu kinachokataliwa kwa kawaida ni kile kilichotolewa au kuombwa: zawadi imekataliwa, posa imekataliwa. "Ruhusa imekataliwa" inaweza kueleweka kwamba mtu alipewa ruhusa akaikataa.

"Umenyimwa ruhusa" ni Kiswahili fasaha, kwani kitenzi nyima humchukua mtu kama mtendwa. Hata hivyo kinadokeza kwamba mtu aliomba na mwenye mamlaka akamnyima, jambo ambalo halikutokea. "Huna ruhusa" hueleza hali ilivyo, lakini humsemesha msomaji, ilhali ujumbe huo huandikwa pia katika kumbukumbu za mfumo zinazosomwa na mtu mwingine baadaye. "Hakuna ruhusa" ni fupi, ni sahihi, na hufaa mahali pote pawili. Mtafsiri asiongeze "ya kusoma" au "ya kuandika", kwa sababu ujumbe wa asili hautaji kitendo, na kizuizi kinaweza kuwa katika kupita.

Uteuzi wa aina hii umekuwa sehemu ya kazi ya Kiswahili cha kompyuta kwa miaka mingi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye kiolesura cha Kiswahili. Zana za mstari wa amri zina maneno machache zaidi kwenye skrini, na kwa hiyo kila neno hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Kwa nini 777 si jibu

Modi ya 777 hupendwa kwa sababu huondoa ujumbe wa kukataliwa papo hapo. Huondoa pia sababu ya kuwepo kwa ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za wanafunzi au za wagonjwa wa kituo cha afya zinazotunzwa kwenye kompyuta ni taarifa za watu. Anayezitunza ana wajibu wa kuzilinda, na ruhusa ya faili ni kinga ya kwanza na nyepesi kuliko zote.

Palipo na kizuizi, utaratibu ufuatao unatosha mara nyingi. Kwanza, itazamwe akaunti inayotumika na makundi yake kwa amri ya id. Pili, isomwe modi ya faili, mmiliki wake na kundi lake. Tatu, isomwe modi ya kila saraka iliyo juu yake, kwa kutumia ls -ld. Nne, ibainishwe ni fungu lipi linalomhusu mtu huyo. Tano, iongezwe ruhusa moja iliyokosekana, kwa fungu hilo tu. Kama mtu hayumo katika kundi analopaswa kuwamo, dawa ni kumwingiza kwenye kundi; faili lisifunguliwe kwa wengine kwa ajili ya mtu mmoja.

Istilahi zinazopendekezwa

Modi ya faili: jumla ya ruhusa za faili au saraka. Ngeli ya I-ZI.
Ruhusa: hali ya kutozuiwa kutenda. Ngeli ya I-ZI.
Faili: ngeli ya LI-YA, faili hili, mafaili haya. Matumizi ya I-ZI yanasikika pia. Mwandishi ashike moja hadi mwisho wa kazi yake.
Saraka: orodha ya mafaili. Ngeli ya I-ZI.
Mmiliki, kundi, wengine, wote: u, g, o, a.
Kusoma, kuandika: r, w.
Kuendesha: x kwa faili.
Kupita: x kwa saraka.
Chujio la modi: umask.
Biti ya kuzuia kufuta: thamani 1 ya tarakimu ya nne, kwa saraka.
Hakuna ruhusa: ujumbe wa kukataliwa.